Gari ya zamani, shasi mpya: kutengeneza si kosa, kosa ni kuficha numero

Mwaka wa 2016, mwanaume mmoja wa jimbo la Kansas, kule Marekani, alinunua gari ya zamani aina ya Chevrolet Corvette, iliyotoka kiwandani mwaka wa 1959. Alilipa karibu dola 50.000. Gari ilikuwa imetengenezwa upya vizuri na muuzaji alikuwa mtu wa kazi hiyo. Lakini mnunuzi alipoipeleka kwa polisi wa jimbo lake ikaguliwe kabla ya kuandikishwa, polisi waliona kwamba kibati chenye numero ya gari kilikuwa kimetolewa mahali pake na kurudishwa. Kilitolewa wakati gari ilipokuwa garajini ikitengenezwa. Hakuna aliyesema kwamba mnunuzi ni mwizi. Hata hivyo gari ilikamatwa, na sheria ya Kansas ya wakati ule ilitaka gari ya namna hiyo iharibiwe kabisa. Alishindana mahakamani miaka mingi. Mwaka wa 2022 wabunge wa jimbo walibadilisha sheria, na mwaka uliofuata akarudishiwa gari yake.

Msomaji wa Butembo, Bunia au Uvira anaweza kusema: hayo ni mambo ya watajiri wa Marekani, wanaonunua gari ya kutazama siku ya Mungu. Mimi nasema hapana. Sisi tuna magari ya zamani kuliko wao, tena yetu yanafanya kazi. Land Cruiser ya «série 40» ilitengenezwa na Toyota kuanzia 1960 hadi 1984. Bado unaikuta inapanda milima na mifuko ya viazi juu. Land Rover ya kwanza ilitoka 1948, Peugeot 504 ilitoka 1968. Kule ngambo, gari kama hizo zinawekwa katika nyumba yenye joto na kupigwa picha. Hapa kwetu zinalipa minerval ya watoto.

Na kwa sababu zinafanya kazi, zinachoka. Na kwa sababu zinachoka, mafundi wetu wanazifufua kila siku: moteri kutoka gari moja, sanduku la gia kutoka gari ingine, mlango kutoka ya tatu, na mara nyingi shasi yenyewe. Hapo ndipo swali linapoanza. Gari ikibadilishwa shasi, ni gari ile ile? Numero gani inapaswa kuwa juu yake? Na yule fundi anayechukua nyundo na kupiga numero ya zamani kwenye chuma kipya, anafanya kazi yake au anavunja sheria?

Maoni yangu ni haya: kutengeneza gari si kosa, na serikali isimuadhibu mtu anayetengeneza. Lakini kupiga numero kwa siri, hata kwa nia nzuri, ni kuwasaidia wezi. Njia ya katikati ipo, inchi zingine zimeshaionyesha, na sisi tunaihitaji kuliko wao.

Numero inasema nini

Tuanze na chuma chenyewe. Kila gari ina numero inayoitambulisha, sawa vile mtu ana jina na siku ya kuzaliwa. Katika magari ya siku hizi numero hiyo ina alama 17, herufi na tarakimu. Marekani iliilazimisha kwa magari yote kuanzia modeli za 1981, na viwanda vya inchi nyingi vikafuata mtindo huo. Herufi I, O na Q hazitumiki, kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Alama ya kwanza inaonyesha eneo la kiwanda: J ni Japani, W ni Ujerumani. Peugeot inaanza na VF3, Land Rover na SAL. Mtu akikuuzia Peugeot ya Ufaransa na numero inaanza na J, hauhitaji kuwa polisi ili ujue kuna kitu.

Lakini magari ya kabla ya hapo hayana alama 17. Kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake. Tena magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, ambayo ndiyo tunayopokea kwa wingi kupitia Mombasa na Dar es Salaam, hata leo yanabeba numero fupi: jina la modeli, kistari, halafu tarakimu. Kwa mfano, BJ40 na numero yake nyuma. Hiyo si numero ya uongo. Ni ya kweli, ila ni ya mtindo mwingine. Karani mwenye fomu ya nafasi 17 akiongeza masifuri ili nafasi zijae, tayari ametengeneza gari ambayo haiko: makaratasi yanasema neno moja, chuma kinasema neno lingine. Mwenye gari hakuiba, lakini siku moja kwenye barieri ataulizwa kwa nini havifanani.

Mahali numero inapokaa pia pana maana. Katika jeep na camionnette zenye shasi ya kweli, numero inapigwa kwenye chuma cha shasi, mara nyingi upande wa mbele karibu na gurudumu, na kuna kibati kingine ndani au chini ya boneti. Katika magari madogo yasiyo na shasi ya kujitegemea, Toyota nyingi za Japani zina numero iliyopigwa kwenye bati linalotenga moteri na abiria. Sasa fikiri. Gari inaingia ikiwa na usukani wa kuume, na mwenyewe anataka uhamishwe kushoto kwa sababu sisi tunatembea upande wa kuume wa barabara. Bati hilo ndilo linalokatwa. Au gari iligonga, na fundi anachukua nusu ya mbele kutoka gari ingine na kuichomea. Hapo numero iliyo mbele si ya gari iliyo nyuma.

Moteri nayo ina numero yake, lakini moteri ni pyesi inayobadilishwa. Hata mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo wa barabarani, ambao inchi yetu ilijiunga nao ilipokuwa ikiitwa Zaire, unatenga vitu hivyo: unataka gari iwe na jina la kiwanda, numero kwenye shasi au kwenye bodi, na numero ya moteri pale kiwanda kilipoiweka. Shasi ndiyo kitambulisho cha gari.

Shasi inapooza

Land Rover za zamani zinatoa mfano mzuri. Mabati yake ni ya aluminiamu, hayaliwi na kutu. Shasi yake ni chuma, na chuma kinaliwa. Kwa hiyo miaka 40 ikipita, unabaki na bodi nzima juu ya shasi iliyotoboka. Kwetu ongeza matope, mawe, na mzigo unaozidi uwezo mara mbili: shasi inapasuka hata kabla ya kuoza.

Fundi ana njia tatu. Ya kwanza ni kukata kipande kibovu na kuchomea kipya. Kama kipande hicho ndicho chenye numero, numero imekwenda nacho. Ya pili ni kuchukua shasi nzima ya gari ingine iliyokufa. Hiyo inakuja na numero yake. Ya tatu ni kuunda shasi mpya, isiyo na numero yoyote.

Katika njia zote tatu, mwenye gari ana carte rose yenye numero ya zamani mfukoni, na chuma kilicho chini ya gari hakina numero hiyo. Anaogopa polisi wa barabarani, wale tunaoita rulaje. Anaogopa siku ya kuuza. Basi anamwambia fundi: «Unipigie tu ile ya zamani, kusudi makaratasi yasife.» Fundi anasaga numero isiyotakiwa, anachukua vyuma vya kupigia herufi, na dakika 15 baadaye kila kitu kinafanana.

Ninaelewa kwa nini wanafanya hivyo. Lakini tutazame kwa macho wazi: huyo fundi mwenye nia nzuri na mwizi aliyenyanganya jeep usiku wanatumia mashine ile ile, nyundo ile ile, na kazi yao ikiisha inafanana kabisa. Anayekuja nyuma, awe polisi, hakimu au mnunuzi, hana njia ya kuwatenga. Kila numero inayopigwa kwa siri kwa nia nzuri inampa mwizi mahali pa kujificha.

Tena tusidanganyane kwamba kusaga kunafuta. Numero inapopigwa kwenye chuma, inakandamiza chuma hadi chini ya kile jicho linachoona. Wataalamu wa polisi wanapaka dawa ya asidi mahali palipasagwa, na mara nyingi numero ya kwanza inarudi kuonekana. Siku hiyo ikifika, mwenye gari anabaki na numero mbili na maelezo ya mdomo.

Jaji mmoja wa London na Bentley moja

Swali la kama gari iliyobadilishwa pyesi ni ile ile limeshafika mahakamani. Mwaka wa 1990, katika Mahakama Kuu ya London, jaji Otton alihukumu kesi ya Bentley inayoitwa Old Number One, ambayo ilishinda mashindano ya Le Mans mwaka wa 1929 na 1930. Kampuni moja ilikuwa imekubali kuinunua kwa pauni milioni 10, halafu ikakataa kulipa ikisema gari hiyo si ile ya kweli, kwa sababu pyesi nyingi, pamoja na shasi, zilikuwa zimebadilishwa na miaka. Jaji aliamua kwamba bado ina haki ya kuitwa Old Number One. Sababu yake, kwa ufupi: gari ilikuwa na historia isiyokatika. Kila badiliko lilifanyika juu ya gari ile ile iliyokuwa ikiendelea kuwepo, na hakuna gari ingine iliyoweza kudai jina hilo.

Hukumu hiyo inatufundisha jambo kubwa. Kilichookoa gari ile ni historia inayojulikana: nani aliibadilisha, lini, nini kilitoka, nini kiliingia. Kama mtu angekuwa amebadilisha shasi kwa siri na kupiga numero ya zamani juu yake, maneno ya wakili wa mwenye gari yangekuwa na nguvu gani?

Kwa magari ya watu wa kawaida, Uingereza ilikuwa na utaratibu wa kuhesabu pointi. Gari iliyojengwa upya kwa sehemu zilizobadilishwa ilitakiwa kufikisha pointi 8 kusudi ibaki na plake yake ya zamani. Shasi ya asili, au mpya ya aina ile ile isiyobadilishwa, ilihesabiwa pointi 5. Usukani, ekseli, gia na springi zilipata 2 kila moja. Moteri ilipata 1 tu. Gari isiyofika iliweza kupewa plake inayoanza na herufi Q, ambayo inamwambia kila mtu waziwazi kwamba asili yake haijulikani vizuri. Na kama numero ya shasi imepotea, ofisi ya magari inayoitwa DVLA inaweza kutoa numero mpya pamoja na barua inayoruhusu ipigwe kwenye gari. Nyundo ni ile ile, lakini safari hii kuna barua, kuna tarehe, kuna jina la aliyeruhusu.

Marekani nayo, ukiacha ile ya Kansas, sheria yake ya shirikisho inamtisha anayefuta au kubadilisha numero kwa makusudi: hadi miaka mitano ya gereza. Lakini sheria hiyo hiyo inamtoa katika kosa mtu anayetengeneza gari, kama kutoa numero kulihitajika kweli kwa kazi hiyo. Kosa la Kansas lilikuwa kusahau tofauti hiyo. Sheria yao ilitazama kibati tu, haikuuliza nia. Wakati walipoirekebisha, mtu mmoja alikuwa amekaa miaka mingi bila gari aliyoinunua kwa haki.

Na sheria yetu?

Kwetu, sheria ya barabarani ni ile ya tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka wa 1978. Gari inaandikishwa, inapewa plake, na carte rose inabeba marka, aina na numero ya shasi. Ukisema kwenye carte rose kwamba shasi ni hii, na chini ya gari kuna ingine, karatasi hiyo imekuwa ya uongo.

Kitabu cha sheria ya makosa kinajua jambo hilo. Kifungu cha 124 kinaadhibu «faux en écriture», yaani maandishi ya uongo: miezi sita hadi miaka mitano ya gereza, na faini. Kifungu cha 101 kinaadhibu kuficha kitu kilichotokana na kosa, hadi miaka mitano. Lakini soma vizuri kifungu cha 124: kinadai nia ya kudanganya au ya kuumiza mwingine. Kwa hiyo sheria yetu haiko kama ile ya Kansas ya zamani. Inauliza nia. Shida ni kwamba nia haionekani. Inathibitishwa na matendo na makaratasi. Fundi aliyefanya kazi bila kuandika chochote, na mwenye gari aliyekubali bila risiti, wataonyesha nini mbele ya hakimu?

Na hapa lawama si ya fundi peke yake. Mtu wa kweli akitaka kufuata haki, aende wapi? Ofisi ya kodi ndiyo inashughulika na kuandikisha, polisi wanakagua barabarani, duwane inajua kilichoingia mpakani. Mwenye gari anayeuliza «Shasi yangu imeoza, nifanye namna gani ili nipate numero mpya kwa halali?» anatumwa kutoka biro moja hadi ingine, na kila biro ina bei yake. Mwishoni anarudi garajini. Nyundo ya fundi haina foleni.

Kwa nini hapa ni jambo la uzima

Kuna wanaosema kwamba wakati huu wa vita, kuzungumza juu ya numero ya shasi ni kupoteza muda. Mimi naona kinyume. Vita ndiyo sababu ya kuzungumza.

Mashariki ya Kongo imeona magari yakinyanganywa katika vita vya 1996, vya 1998, na vyote vilivyofuata. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, depo ziliporwa na watu walipoteza mali. Gari ni kitu cha kwanza mwenye bunduki anachotaka, kwa sababu inajibeba yenyewe. Inavuka mpaka, inapakwa rangi, inapigwa numero, na miezi sita baadaye inauzwa kwa mtu mwingine ambaye hajui kitu, labda katika mji jirani. Aliyeporwa, siku atakayoiona barabarani, hana kitu kingine cha kumuonyesha hakimu ila numero ile. Plake inatolewa kwa dakika mbili. Rangi inabadilishwa. Carte rose inaweza kuungua pamoja na nyumba.

Na kuna jambo lingine. Katika inchi iliyogawanyika, karatasi ya upande mmoja inaweza kukataliwa na upande mwingine. Watawala wanabadilika, mihuri inabadilika. Numero iliyopigwa kiwandani ni shahidi asiyebadilika na utawala. Tukizoea kuipiga kila tunapotaka, tunamuua shahidi wetu wenyewe.

Zaidi ya hayo, INTERPOL ina orodha ya magari yaliyoibwa ambayo polisi wa inchi wanachama, pamoja na yetu, wanaweza kuitazama. Fundi anayenunua shasi ya zamani bila kuuliza imetoka wapi anaweza kuweka chini ya gari ya mteja wake shasi ya gari iliyoibwa Kampala au Nairobi. Mteja ametengeneza gari ya baba yake kwa pesa ya halali, lakini numero iliyo chini ni ya mali ya mtu mwingine.

Kuna hoja ya pili, nzito zaidi: ukiweka karatasi mpya, unawapa rulaje sababu mpya ya kuomba pesa. Siwezi kuikataa hoja hiyo. Kila dereva anaijua. Lakini leo, bila karatasi, dereva ndiye analipa zaidi, kwa sababu polisi akiona numero imeguswa hana jibu la kumpa. Karatasi mbovu inaumiza. Kukosa karatasi kunaumiza kila siku. Dawa ni kufanya utaratibu uwe mfupi, wenye bei moja iliyobandikwa ukutani.

Kifanyike nini

Kwanza, kabla ya kukata. Mwenye gari na fundi waende mbele ya afisa wa polisi wa mahakama pamoja na mtu wa ofisi ya kuandikisha, gari ipigwe picha, numero isomwe, na procès-verbal iandikwe: shasi hii imeoza, itabadilishwa katika garaji hii. Hapo nia inaonekana kabla ya kazi.

Pili, numero mpya itolewe na serikali. Isiwe kuiga ile ya kiwanda. Iwe na alama inayoonyesha waziwazi kwamba ilitolewa hapa, na ipigwe mahali pake, si juu ya ile ya zamani. Kipande cha chuma chenye numero ya zamani kirudishwe ofisini au kihifadhiwe na dosie. Kikibaki garajini, kesho kitachomewa kwenye gari ingine.

Tatu, carte rose iandikwe: shasi ilibadilishwa tarehe fulani, numero ya zamani ilikuwa hii. Mnunuzi atakayekuja ajue. Gari yenye historia inayoeleweka haipotezi bei. Ile Bentley ilithibitisha.

Nne, kwa maelfu ya watu ambao wameshabadilisha bila karatasi, kuwe na muda wa kujitangaza. Gari itazamwe kwanza katika orodha za walioporwa na walioibiwa. Ikiwa safi, ipewe karatasi bila adhabu. Kumfunga kila mwenye jeep ya zamani ni kurudia kosa la Kansas, tena mahali ambapo jeep hiyo ndiyo ambulance ya kijiji.

Kwa mafundi, hakuna haja ya kungojea Kinshasa. Daftari moja la shule linatosha: tarehe, jina la mwenye gari, numero iliyotoka, numero iliyoingia, jina na kitambulisho cha aliyeuza shasi, na picha ya simu kabla na baada. Daftari hilo ndilo litakalokutetea. Na mteja akisema «nipigie tu ya zamani», mwambie bei ya kazi hiyo ni miaka mitano, na wewe hauiuzi.

Kwa wanunuzi: usilipe franga hata moja kabla ya kulala chini ya gari na taa na burashi. Safisha matope, soma numero mwenyewe, usisomewe. Linganisha chuma, kibati na carte rose. Tazama kama herufi ziko katika mstari mmoja na kina kimoja, na kama chuma kinachozizunguka kimesagwa au kina alama ya kuchomea. Rivet mpya kwenye kibati cha zamani ni swali la kuuliza, si lazima iwe wizi. Uliza, na jibu liandikwe kwenye mkataba wa kuuza, mbele ya mashahidi. Muuzaji anayekataa kuandika anachokisema kwa mdomo ameshakujibu.

Kwa wabunge wa majimbo na wakubwa wa ofisi zinazohusika: mafundi wetu wamefanya kazi ambayo viwanda viliacha zamani. Wanaiweka hai gari ya mwaka wa 1975 kwa mikono yao, bila pyesi mpya, katika barabara mbovu. Wanastahili mlango wa haki wa kupitia. Mkiufunga, hamtasimamisha kazi. Mtaisukuma usiku, pamoja na wezi. Mkiufungua, fundi wa kweli atapita mchana na daftari lake mkononi, na yule anayebaki gizani na nyundo atajulikana ni nani.